Kabla Hujalipia Mchumba wa Mtandaoni: Hesabu ya Mtu wa Mtama

Minada ya korosho ikishapita na fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, Mtama huchangamka. Nyumba zinaezekwa bati, pikipiki zinanunuliwa, na wale waliokuwa wakisema "acha msimu uishe, nitaoa" wanaanza kutafuta kweli. Sehemu ya kutafuta huko imehamia kwenye simu. Mkulima mwenye mikorosho yake, mwalimu aliyepangiwa kazi huku akitokea Kanda ya Ziwa, muuguzi anayeshinda wodini hospitali ya Nyangao, dada aliyerudi kutoka Dar es Salaam na mtoto mmoja: kila mmoja ana sababu nzuri ya kufungua programu ya wachumba au kujiunga na grupu la WhatsApp linaloahidi mke au mume. Sioni aibu yoyote hapo. Anayetafuta mwenzi anatafuta jambo zito kuliko mengi tunayoyatolea jasho, ndiyo maana inaniuma fedha yake inapoliwa kirahisi.

Nianze na jibu. Kwa mtu anayeishi Mtama, malipo mengi yanayoombwa kwa jina la kutafuta mchumba mtandaoni hayastahili kutolewa. Yapo machache yanayostahili, kwa muda mfupi na kwa hesabu. Shilingi inayofanya kazi kuliko zote ni ile unayoitumia kumhakiki mtu na kumfikia ana kwa ana, na hiyo usiibanie.

Kila unapoombwa fedha, jiulize kwanza inakwenda mkononi mwa nani. Wapokeaji ni watatu: kampuni yenye programu, mtu wa kati anayejiita admini au dalali, na huyo mchumba mwenyewe. Kila mmoja ana namna yake ya kukumalizia akiba.

Kampuni inakuuzia nini hasa

Match.com ilianza mwaka 1995, Badoo 2006, Tinder 2012. Utaratibu wa programu nyingi za aina hii unafanana: kuingia ni bure, halafu baadhi ya vitu vinafungwa mpaka ulipe. Kwenye Tinder, asiyelipa ana kikomo cha watu anaoweza kuwapenda. Kadiri unavyopanda daraja la malipo, kikomo kinaondoka, unaona nani amekupenda kabla hujachagua, unaweza kuhamisha mahali pako ukaonekana kama uko mji mwingine, na unaweza kununua muda wa kuonyeshwa mbele ya wengine.

Sasa vilete vitu hivyo Mtama, uvipime kimoja kimoja. Tinder inakuruhusu kutafuta hadi umbali wa kilomita 160 hivi kutoka ulipo. Ukiwa Mtama, duara hilo linachukua Lindi mjini, Ruangwa, Nachingwea, Ndanda, Masasi, Newala na Mtwara. Ukilitazama kwenye ramani ni duara kubwa, lakini sehemu yake kubwa ni mikorosho, pori na bahari. Dar es Salaam, kwenye watu wengi, iko nje kabisa. Basi mtu ambaye kwa jioni chache ameshawapitia wote walio karibu, akinunua ruhusa ya kupenda bila kikomo amenunua nini? Kikomo hakijawahi kumbana. Hata kuona nani amekupenda hakuna faida kubwa pale watu ni wachache, kwa sababu ukiwapitia wote utakutana naye tu.

Kinachobaki na thamani kwa mtu wa Kusini ni kimoja: kuhamisha mahali. Kama wewe ni mwalimu unayetarajia kuhamia Dodoma, au mfanyabiashara wa ufuta unayekwenda Dar kila mwezi, au mtu aliye tayari kumpokea mwenzi kutoka mbali, hapo mwezi mmoja wa malipo una maana. Lakini mstari wa kwanza wa wasifu wako uandike wazi kwamba unaishi Mtama, mkoani Lindi. Mtu aliyekupenda akidhani uko Sinza atakuacha siku atakayojua, na fedha yako itakuwa imekwenda.

Kabla hujafika huko, itumie programu bure kwa wiki mbili. Chukua daftari, andika mambo matatu: wangapi wako mahali unapoweza kwenda na kurudi siku moja kwa basi, wangapi wamekujibu, na mazungumzo ya wangapi yamevuka siku ya tatu. Kama walio karibu ni wachache mno, malipo hayatawazaa wengine. Kama wapo na hawakujibu, tatizo liko kwenye picha au maneno yako, na hilo linarekebishwa bila senti. Lakini kama wanajibu vizuri na unachokosa ni watu zaidi, hapo una hoja ya kulipa.

Kuhusu kama malipo yanaleta matokeo, zipo takwimu za Marekani. Kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha mwaka 2023 kwamba 35 kati ya kila watu 100 waliowahi kutumia programu hizi wamewahi kulipa. Kati ya waliolipa, 58 kwa 100 walisema mambo yaliwaendea vizuri; kati ya ambao hawajawahi kulipa, 50 kwa 100 walisema hivyo. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Nami naona sehemu yake inatokana na aina ya watu: anayetoa fedha mara nyingi ameshakuwa na nia, anaandika vizuri zaidi, anajibu ujumbe kwa wakati. Hayo yote unaweza kuyafanya bure. Tena hiyo ni Marekani, ambako miji imejaa watumiaji. Usitegemee hata tofauti hiyo ndogo itokee vilevile kwenye mji wa barabarani kama wetu.

Kuna mtego mmoja wa kampuni ambao kila mtu aujue. Simu inalia, unasoma: "Kuna mtu amevutiwa nawe! Lipia umwone." Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimshtaki mmiliki wa Match.com, kampuni ya Match Group, ikidai kwamba wateja walikuwa wakitumiwa matangazo ya namna hiyo yaliyotokana na akaunti ambazo kampuni yenyewe ilikwisha kuzitilia shaka kuwa za matapeli. Kwa madai ya Tume, kati ya Juni 2016 na Mei 2018 karibu watu 500,000 walijiunga kwa malipo ndani ya saa 24 baada ya kupata tangazo la aina hiyo. Kesi ilimalizwa mwaka 2025 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 14. Kwa hiyo ujumbe wa "kuna mtu" peke yake usikutoe fedha mfukoni. Subiri. Kama ni mtu wa kweli na mmependana, programu itawakutanisha bila malipo.

Bei nayo haina usawa. Tinder ilipoanza kuuza huduma yake ya kulipia mwaka 2015, Mmarekani aliye chini ya miaka 30 alitozwa dola 9.99 kwa mwezi, na aliyevuka umri huo dola 19.99 kwa huduma ileile. Shutuma zilikuwa nyingi, kesi zikafunguliwa. Kwa hiyo ukitaka kulipa leo, mwombe rafiki afungue ukurasa wa bei kwenye simu yake mlinganishe. Angalia pia kama bei kubwa iliyoandikwa ni ya miezi 6 au ya mwezi mmoja. Chukua mwezi mmoja. Ukiambiwa miezi 12 ni nafuu, kumbuka kwamba unayemtafuta unatarajia kumpata kabla ya miezi 12.

Halafu jambo linalowagharimu wengi kimyakimya: malipo haya hujirudia yenyewe kila mwezi. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Kwa simu za Android, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, chagua programu, kisha ghairi. Fanya hivyo siku ileile uliyolipa. Utaendelea kutumia mpaka muda wako uishe, na hutakatwa tena. Kama unalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa ya simu, weka humo fedha ya mwezi huo tu.

Kwa Waislamu, ambao ukanda wetu wa pwani umejaa, ipo programu ya Muzz, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015 kwa jina la muzmatch. Ina nafasi ya kumweka walii apate nakala ya mazungumzo. Binti anayetaka mambo yaende kwa heshima ya nyumbani anaweza kumweka baba au kaka yake hapo. Mwanamume mwenye nia hatakimbia kwa sababu ya walii.

Maneno yanayofanya kazi ya fedha

Kabla ya kutoa hata shilingi 1,000, rekebisha wasifu wako. Nyingi ninazoziona zimeandikwa hivi: "Mimi ni mtu poa, mcha Mungu, natafuta mke mwema mwenye mapenzi ya kweli. Matapeli kaa mbali." Hapo msomaji hajaambiwa kitu. Kila mtu ni poa kwenye simu yake.

Jaribu hivi: "Nina miaka 36, naishi Mtama. Nalima korosho na ufuta, na nina duka dogo la pembejeo. Niliwahi kuoa, tukaachana kwa talaka. Nina watoto wawili, mmoja anaishi nami na anasoma darasa la nne. Ni Mkristo, sinywi pombe. Natafuta mwanamke wa miaka 28 hadi 40 aliye tayari kuishi Mtama au jirani, hata kama ana mtoto. Nikipata mtu tukaelewana, ningependa ndugu wafahamiane ndani ya miezi 6." Msomaji anajua umri, kazi, watoto, dini, mahali na muda. Asiyetaka kuishi Mtama atapita bila kukupotezea bando. Anayetaka ana la kuanzia: atakuuliza mtoto anaendeleaje na shule, au msimu umekwendaje.

Picha iwe ya mchana, uso unaonekana, bila chujio linalokupaka weupe. Moja ya uso, moja ya mwili mzima, moja ukiwa kazini au shambani. Usiweke picha ya gari la mtu mwingine. Usiweke picha ya mtoto, na usionyeshe sare ya shule anayosoma.

Admini na dalali

Kabla ya simu, watu wa nchi hii walikuwa tayari wakilipia kuonekana na wengine. Walinunua kadi za salamu wakazijaza na kuzipeleka redioni, na magazeti yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu. Ulilipia kadi au stempu, ukajua umenunua nini. Magrupu ya wachumba ya WhatsApp na Telegram yamechukua nafasi hiyo, lakini bidhaa yake imefifia: unatoa kiingilio, unapewa namba, na namba hiyo huenda ni ya mtu ambaye hakuomba kupigiwa.

Siwahukumu wote. Wapo wenye nia njema wanaosimamia magrupu kwa uangalifu, na wengine huanzia misikitini au kwenye jumuiya za makanisa. Ila kabla ya kumtumia admini fedha, mpigie simu ya sauti, usiridhike na ujumbe. Muulize anaitwa nani, anaishi wapi, na wangapi kati ya wanachama wanatoka Lindi na Mtwara. Muulize anamhakiki vipi mtu kabla ya kumwingiza. Omba kuzungumza na wanandoa wawili waliokutana kupitia kwake, kwa ridhaa yao. Kisha pendekeza malipo ya hatua: kiasi kidogo mwanzo, kinachobaki siku mtakapokutana na mtu ana kwa ana. Mwenye kazi ya kweli atajadiliana nawe. Mwenye haraka ya fedha atakwambia nafasi ni 3 tu zimebaki.

Mlinganishe na mshenga. Mshenga anajulikana pande zote mbili, anatembea kwa miguu yake mpaka kwenye nyumba ya watu, na akileta uongo atakutana nao sokoni au msibani maisha yake yote. Shukrani yake hutoka kazi ikionekana. Admini anataka alipwe kabla ya kazi na anaweza kubadili laini kesho.

Usimpe admini nakala ya kitambulisho chako cha NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume iliyoundwa na sheria hiyo, na una haki ya kumuuliza kuhusu usajili wake. Kama umeshampa mtu namba yako ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.

Tuma nauli na ya kutolea

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotelea. Mmeongea wiki tatu. Sauti ni tamu, picha ni nzuri. Anasema amekubali kuja Mtama Ijumaa. Ijumaa asubuhi ujumbe unaingia: "Mpenzi niko stendi, tuma nauli na ya kutolea." Unatuma. Saa nne anasema gari limejaa, anasubiri jingine, ameishiwa hata ya chai. Unaongeza. Jioni anasema basi limeharibika Nangurukuru, fundi anatafutwa, abiria wanapanga kulala. Unaongeza tena. Usiku simu haipatikani. Ameshakula nauli.

Wanaume huona aibu kulisema hili, na aibu hiyo ndiyo inayowalinda walaji nauli. Kinga yake ni rahisi: usimtumie mtu nauli, mnunulie tiketi. Mabasi ya mikoani yamewekewa mfumo wa tiketi mtandao chini ya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na tiketi hutoka na jina la abiria. Mwambie akupe jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, lipia moja kwa moja kwa kampuni ya basi au wakala wake, mtumie tiketi. Mwenye safari atafurahi. Aliyetaka fedha ataanza kukasirika, atasema humwamini, atalia. Usibishane naye. Tiketi ipo, basi linaondoka saa 12 asubuhi, mwenye kuja atakuja.

Kwa dada yangu unayeitwa kwenda kwa mtu, kanuni ni moja na ishike sana: nauli ya kurudi iwe kwenye simu yako, kwa jina lako, kabla hujapanda gari. Usimtegemee aliyekuita. Mwachie ndugu au rafiki mmoja jina la huyo mtu, namba yake, mji na basi unalopanda, na mpange saa ya kupigiana. Kutana naye mchana, mahali penye watu, stendi au kwenye mgahawa. Ukifika akikutaka uende nyumbani kwake moja kwa moja kwa bodaboda aliyemtuma, kataa. Kama hana ubaya atakufuata hapo stendi.

Nauli ndiyo ndogo. Baada yake huja mgonjwa aliyelazwa, kodi ya chumba, mtaji wa biashara. Kuna pia yule anayesema yuko Oman au ni mwanajeshi wa Marekani, amekutumia kifurushi chenye simu na dola, na sasa kifurushi kimezuiliwa uwanja wa ndege mpaka ulipe ushuru. Elewa jambo moja tu la kukuokoa: malipo ya serikali ya Tanzania hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontroli namba. Hakuna ofisa wa forodha anayepokea ushuru kwenye laini yake ya simu. Usijione mjinga kwa kufikiwa na watu hao. Marekani peke yake, mwaka 2022, watu karibu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Walikuwemo wasomi na matajiri.

Picha za utupu usitume kwa yeyote, hata aliyekwisha kuja kukuona. Zikishatoka kwenye simu yako zimekuwa bei, na mwenye nazo atarudi kudai kila msimu.

Mahali pa kutumia fedha bila kusita

Kumhakiki mtu kuna hatua tatu, na mbili za mwanzo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni simu ya video, mchana, bila kumpa taarifa ya siku nzima. Anayesema kamera yake imeharibika kwa mwezi mzima, achana naye. Ya pili ni jina. Anza kama unataka kumtumia fedha kwa namba yake; huduma nyingi za pesa ya simu huonyesha jina la mwenye laini kabla hujaweka namba ya siri. Soma jina, kisha sitisha. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ulianza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020, kwa hiyo jina hilo lina uzito. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la dada yake au mjomba wake, hilo hutokea. Muulize, usikilize kama jibu lake linasimama.

Ya tatu ndiyo ninayoitaka uilipie: tuma mtu, au nenda mwenyewe. Nauli ya mtu mzima mmoja mwenye busara kwenda Masasi, Kilwa au Mtwara kuulizia familia ni fedha halali kuliko miezi 6 ya programu. Afike kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa mtendaji, kwa imamu au katekista. Aulize taratibu: anaishi hapa kweli? Ana mke? Ana mume? Anafanya kazi gani? Watu wa vijijini hawafichi mambo ya ndoa kwa mtu aliyekuja kwa adabu.

Kwetu huku, Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kwenye ndoa ya mpwawe. Mchumba wa mtandaoni aliyekataa kabisa kukutajia mjomba wake au kukupa hata ndugu mmoja wa kuongea naye, hiyo ni habari tosha. Na wewe mwenyewe mwambie mjomba wako mapema. Huna haja ya kumweleza mlikutana vipi kwa kirefu; sema tu kuna mtu mnafahamiana kwa simu, na ungependa akusaidie kuuliza.

Mambo yakifika kwenye ndoa, sheria nayo ina kichujio chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Wakatoliki, ambao Nyangao na vijiji vyake wamejaa, hutangaza ndoa kanisani kwa Jumapili kadhaa. Muda huo upo ili mwenye pingamizi aseme. Mtu wa mtandaoni anayekushawishi mruke yote mkafunge haraka mji mwingine, muulize anamkimbia nani. Aliyesema ameachika au ameacha, muombe hati ya talaka ya mahakama. Na kabla ya kulala pamoja, nendeni mkapime afya pamoja kituo cha afya. Mwenye mapenzi hataona ni tusi.

Kama fedha imeshaliwa

Usifute mazungumzo. Piga skrinishoti za ujumbe, namba, jina lililotokea kwenye muamala na namba ya muamala. Pigia mtandao wako mara moja. Kama fedha haijatolewa, upo uwezekano ikazuiliwa. Ujumbe wa kitapeli uripoti kwenye namba 15040 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue jalada, ukitaja kwamba ni kosa la mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa namna hii na pia kujifanya mtu mwingine. Kama unatishiwa kwa picha zako, omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto, usilipe hata mara moja, kwa kuwa malipo ya kwanza humwonyesha kwamba unaweza kulipa.

Kwa aliyekuwa mchumba wa kweli mkaachana, Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai mahakamani zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Mahakama itataka kuridhika kwamba sharti hilo lilikuwepo. Kishika uchumba na mahari vilivyotolewa mbele ya washenga wa pande zote vina mashahidi; fedha ya vocha, bando na "nisaidie mpenzi" uliyomtumia usiku wa manane haina. Ndiyo sababu unachotoa kwa ajili ya ndoa kitoe mbele ya watu, kiandikwe kwenye karatasi kwa kiasi na tarehe, na kila upande ubaki na nakala yake.